Mkanda wa jeshi wa Fundi: kirusi cha miaka 43 na bahasha ya vidonge

Mwenyewe ameniruhusu nikisimulie kisa hiki mradi jina lake nisilitaje. Nitamwita Fundi, kama anavyoitwa mtaani. Ana miaka 52, anachonga milango na vitanda pembezoni mwa Tanga mjini. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya anachotibiwa, na nianze na kosa langu mwenyewe ili nikifika kwenye makosa ya wengine nisionekane najikosha.

Jumatatu asubuhi Fundi aliingia chumbani kwangu ameshika shati lake kwa vidole viwili, upande wa kushoto chini ya kwapa, akilivuta lisimguse mwilini. Nililiona hilo nikalipita, maana foleni nje ilikuwa imefika kwenye mwarobaini. Alisema ubavu unamchoma tangu Jumamosi. Kikohozi hana, homa ya kuvizia anayo. Nikamwekea stetoskopu juu ya shati, nikasikia pumzi zinapita vizuri, na bado nikaandika kichomi. Akaondoka na amoksisilini na panadol.

Pafu linalouma halijali shati. Linauma ukivuta pumzi, linauma ukikohoa. Ngozi ndiyo inayolichukia shati. Mtu akikuambia ubavu unamchoma huku anakwepa kuguswa na pamba laini, anakuambia kuwa mshipa wa fahamu umewaka, na wewe bado unatafuta nimonia. Siku ile ningemvua shati huenda nisingeona kitu, kwa sababu maumivu hutangulia vipele kwa siku mbili tatu, wakati mwingine zaidi. Lakini ningepitisha kidole juu ya ngozi nikamwona anavyoruka, na ningemwambia, "Fundi, ukiona lengelenge hata moja, njoo siku hiyo hiyo." Sikusema.

Malengelenge yalitoka Alhamisi usiku. Jumamosi akarudi, safari hii na mkewe, na mkewe akachagua kiti cha karibu na mlango. Fundi akavua shati. Yalianzia mgongoni kando ya uti wa mgongo, yakapita chini ya kwapa, yakafuata ubavu hadi chini ya chuchu ya kushoto, kisha yakasimama katikati ya kifua kana kwamba mtu ameweka rula akakata. Yalikaa mafungu mafungu, maji ya wazi ndani, na ngozi baina yake imeiva hadi kupiga zambarau. Fungu moja lilikuwa limepakwa dawa ya meno.

"Buibui kanikojolea," Fundi akasema. "Nilikuwa natoa mbao za zamani stoo."

Kukojolewa na buibui ndio utambuzi wa kwanza wa mtaa kwa kila lengelenge lisilo na mwenyewe. Buibui asingejua kufuata mstari mmoja kutoka mgongoni hadi kifuani na kuacha upande wa pili mzima kabisa. Mstari ule ni eneo la neva moja, inayotoka kwenye uti wa mgongo na kuzunguka ubavu wa upande wake tu. Ndiyo maana ugonjwa huu unaitwa mkanda wa jeshi, ule wa risasi unaovaliwa kifuani. Wagiriki wa kale nao waliuita zosta, mkanda huo huo, na neno hilo limebaki kwenye vitabu vya udaktari hadi leo.

Mkewe hakuwa na habari na buibui. Jirani mmoja kibarazani alikuwa ameshamwambia: "Mkanda wa jeshi huo, na sababu yake mnaijua wenyewe." Tangu Ijumaa Fundi anakula kwa sahani yake na kikombe chake, na mama amehamia chumba cha watoto. Aliniuliza swali moja, akitazama sakafu: "Daktari, ni ule ugonjwa?"

Jirani yule hakuokota maneno njiani. Miaka ya themanini mwishoni na tisini, kabla ya dawa za ARV kufika kwetu, kijana aliyetokwa na mkanda wa jeshi mara nyingi alikutwa na VVU, na watu waliona kwa macho yao kilichofuata. Hata leo, katika mpangilio wa Shirika la Afya Duniani, mkanda wa jeshi kwa mwenye VVU unamweka hatua ya pili kati ya nne. Kwa hiyo nilimpima Fundi, na ningempima tena. Kila mwenye mkanda wa jeshi apimwe, hilo sina ubishi nalo. Ninachobishana nacho ni kusoma majibu kabla ya kipimo. Walipimwa wote wawili, mke na mume, kwa ridhaa yao, na wote hawakuwa na maambukizi.

Mama akapumua. Mimi nikaingia shaka, kwani sasa nilikuwa na swali lisilo na jibu. Kama si VVU, kinga ya Fundi imelegea kwa nini?

Nikamuuliza kama aliwahi kuugua tetekuwanga. Akacheka. Alikuwa darasa la tatu, akafungiwa ndani wiki mbili akipakwa dawa nyeupe, akakosa mashindano ya mpira. Kovu moja bado liko juu ya nyusi. Hesabu ya haraka: miaka 43 iliyopita. Nikamwambia ugonjwa ulioko ubavuni mwake leo ni ule ule. Hakuambukizwa upya na mtu wala mdudu. Kirusi cha tetekuwanga kilipomaliza kazi ngozini alipokuwa mtoto, kilipanda kwa njia ya neva hadi kwenye vifundo vyake kando ya uti wa mgongo, kikatulia humo.

Fundi akafikiri kidogo. "Kama bungua," akasema. "Unanunua ubao mkavu, mzima, unatengeneza kitanda, watu wanalala miaka. Siku moja unaona unga mweupe sakafuni."

"Ila bungua anatafuna muda wote. Hiki chako kililala."

"Bungua naye hulala, daktari."

Nikanyamaza. Mbao anazijua yeye.

Aliyekaa na swali la kwa nini kirusi kilicholala huamka, kwa uvumilivu kuliko wote, alikuwa daktari wa kawaida wa mtaani, Edgar Hope-Simpson wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza. Hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na daftari la wagonjwa wake, na kwa miaka 16 aliandika kila mkanda wa jeshi uliopita mlangoni kwake. Mwaka 1965 alichapisha hoja yake: kirusi hujificha kwenye vifundo vya neva, kinga hukishikilia humo, kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na siku ikishuka chini ya kiwango fulani kirusi hutoka. Kabla yake, mwaka 1892, daktari wa watoto wa Hungaria, János Bókay, alikuwa ameshaona kwamba watoto hutokwa na tetekuwanga nyumbani mwenye mtu mzima anayeugua mkanda wa jeshi. Jambo hilo tutalikuta kwa Fundi vile vile.

Watu huona ajabu kwamba mwili unaishi na adui ndani kwa nusu karne. Kwa kweli hakuna ajabu. Kirusi cha tetekuwanga ni cha ukoo wa hepesi, na mtu mzima asiyebeba hata kimoja cha ukoo huu ni vigumu kumpata. Kirusi cha Epstein-Barr kimo ndani ya zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani, na kwetu watoto wengi hukipata kabla ya kuanza shule bila hata kuugua. Kirusi cha sitomegalo nacho kimeenea hivyo hivyo, na kirusi cha vidonda vya mdomoni kimo ndani ya zaidi ya nusu ya binadamu. Kinga haiviondoi. Inavizuia visizaliane, kila siku, na tunakwenda kazini hatujui kitu. Kwa baadhi ya wanaanga, kirusi cha tetekuwanga kimepatikana kwenye mate wakiwa safarini, bila lengelenge hata moja mwilini. Msongo wa safari ulikipa upenyo, kinga ikakirudisha kabla hakijafika ngozini. Nadhani wengi wetu tunapitia hayo hapa hapa ardhini na hatutajua kamwe.

Wanaokishikilia kirusi hiki si kingamwili, zile protini za kinga zinazoelea damuni. Hapa hata wahudumu wenzangu huchanganya. Kazi hiyo hufanywa na seli za kinga aina ya T, zinazomkumbuka adui na kumfuata ndani ya tishu. Watoto waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza kingamwili huugua tetekuwanga na kupona kama wengine. Wanaoumia ni wale ambao seli zao za T zimepungua au zimezimwa: mwenye VVU asiyetumia dawa, aliyepandikizwa figo, mwenye saratani ya damu, mzee wa miaka 80. Kwa hiyo mkanda wa jeshi ukitokea, kirusi hakituambii kitu kipya. Ni kile kile cha siku zote. Habari iko kwa seli za T, na swali ni nini kimezipata.

Nikamtazama Fundi upya, nikitafuta. Miaka 52 peke yake inatosha? Inaweza. Baada ya 50 ugonjwa huu hupanda kwa watu wasio na tatizo lolote, na Marekani inakadiriwa mtu mmoja kati ya watatu huupata kabla hajafa. Ningeweza kuandika "umri" nikafunga faili. Lakini uso wake ulikuwa umejaa kuliko nilivyomzoea, mashavu ya mviringo, na mkononi alikuwa na mabaka ya damu iliyovilia, ya mtu anayechubuka kwa kugongwa kidogo. Mtaani walikuwa wakimsifu kwamba amenawiri. Nikaagiza sukari. Ikaja 13.6, na hajawahi kuwa na kisukari.

"Fundi, unatumia dawa gani nyingine?"

"Hakuna."

"Hata ya maumivu?"

"Ya mgongo tu. Hiyo si dawa, ni vidonge vya kawaida."

Mkewe akafungua pochi, akatoa bahasha ndogo ya kaki, ile ya kutilia vidonge, imeandikwa kwa kalamu 2×2 na hakuna jina la dawa. Ndani mna vidonge vidogo vyeupe. Alianza kuvinunua kwenye duka moja la dawa miezi mitano iliyopita, baada ya kuinua mlango wa mninga, na vilimsaidia siku ile ile, kwa hiyo akaendelea. Vikiisha anarudi na bahasha tupu, anajaziwa. Nilimtuma kijana wake aende na bahasha akaulize jina, akarudi nalo limeandikwa nyuma ya risiti: prednisolone, miligramu 5. Vinne kwa siku, miezi mitano.

Hii ni dawa nzuri sana, na naitoa mwenyewe kwa pumu iliyobana. Inatuliza uvimbe kwa kuituliza kinga, na seli za T ni miongoni mwa zinazotulizwa. Ndiyo sababu inamfaa anayeshambuliwa na kinga yake mwenyewe, na ndiyo sababu haifai kujaziwa kwenye bahasha kama karanga. Mtu anayemeza miligramu 20 kila siku kwa miezi mitano amejishushia kinga mwenyewe, huku mashavu yanajaa na watu wanamsifu. Dada zetu wanaonunua vidonge vya kunenepa mara nyingi wanameza ndugu wa dawa hii bila kujua.

Je, naweza kuapa kwamba vidonge ndivyo vilivyokitoa kirusi? Siwezi. Mtu wa miaka 52 angeweza kuupata bila kumeza chochote. Ila dawa ilitumika kwa muda wa kutosha, kwa kiwango cha kutosha, ikaacha alama zake usoni, mikononi na kwenye sukari, na VVU haikuwepo. Kwenye faili niliandika "huenda", nikapigia mstari.

Tatizo lililofuata ni kwamba dawa hiyo haikatwi ghafla. Ukiimeza miezi, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni ya namna hiyo, na ukisimama siku moja mtu anaweza kuanguka presha akafa. Mkewe alikuwa tayari anataka kuitupa bahasha chooni. Nikamzuia, nikampigia daktari wa hospitali ya mkoa, tukapanga kuishusha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, tukipima sukari na presha kila anapokuja.

Kwa kirusi chenyewe tulikuwa ndani ya muda. Asiklovia hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke, na tulikuwa siku ya pili. Kipimo ni miligramu 800 mara tano kwa siku, siku saba. Vidonge tulivyokuwa navyo ni vya 200, yaani vinne kwa mara moja, 20 kwa siku, 140 kwa wiki. Fundi aliposikia mara tano akasema amepata dawa yake, atameza kila swala. Wazo lilinivutia hadi tulipolipiga hesabu: magharibi na isha zimekaribiana mno, na baina ya alfajiri na adhuhuri pana pengo refu. Tukakubaliana alfajiri, saa nne, saa nane, magharibi, na wakati wa kulala. Mkewe akayaandika kwa chaki mlangoni mwa kabati.

Akaniuliza pia kama ni kweli mkanda ukizunguka ukakutana mtu anakufa. Nilimwambia haukutani, kwa kuwa neva za kushoto haziendi kulia. Lakini sikumcheka. Vipele vikitoka pande zote mbili, au vikisambaa mwili mzima, hiyo ni dalili ya kinga iliyoshuka sana na mtu anahitaji kulazwa. Waliosema zamani huenda waliwaona wachache wa namna hiyo.

Nikasahau jambo moja, au tuseme nililitaja kwa haraka mno: maji ya malengelenge yale yanaambukiza. Hayampi mtu mkanda wa jeshi. Yanampa tetekuwanga asiyewahi kuugua. Nilisema afunike kwa shati na asibebe watoto hadi vikauke, naye alielewa kwamba nasema kuhusu kulala kitanda kimoja tu. Mjukuu wa miaka minne anayeshinda karakana akikusanya maranda ya mbao hakuhesabika. Siku 16 baadaye mtoto akatokwa na vipele, uso na tumbo, vingine vibichi vingine vimekauka, tetekuwanga safi. Mtaa ukapata mada mpya.

Mimi nilihangaika na mtu mwingine. Mke wa mtoto wa pili wa Fundi alikuwa na mimba ya miezi saba, nyumba hiyo hiyo. Ulaya karibu kila mtu huugua tetekuwanga utotoni. Nchi za joto kama yetu, wengi hufika utu uzima bado hawajaipata, na mjamzito akiipata inaweza kumshika mapafu vibaya. Nilikwenda mwenyewe jioni ile. Nilimkuta anapepeta mchele, nikamuuliza. Hakumbuki. Akampigia mama yake Korogwe, simu ikiwa spika, na mama akataja mwaka, akamtaja na mtoto wa jirani aliyempa. Nikakaa kwenye kigoda nikanywa maji. Angekuwa hajaugua, tungepaswa kumpeleka hospitali ya mkoa usiku ule na kukaa macho wiki tatu.

Chanjo ipo. Ile mpya ya mkanda wa jeshi, ya dozi mbili, iliruhusiwa Marekani mwaka 2017 kwa watu wa miaka 50 na kuendelea. Haina kirusi hai. Inachofanya ni kuzikumbusha seli za T kazi yao. Kwenye mpango wetu wa taifa wa chanjo haimo, na Fundi hawezi kuinunua, kwa hiyo sikumchosha nayo.

Niliporudi kwenye duka lile, kwa upole, muuzaji aliniambia watu wenyewe ndio wanaozidai, na ukiwanyima wanakwenda duka la pili. Ninamwamini. Nilimwomba angalau aandike jina la dawa juu ya bahasha, maana lile jina ndilo lililotuokoa. Alisema ataandika.

Miezi mitatu baadaye Fundi amemaliza prednisolone, mashavu yamerudi, sukari imeshuka, na kipimo cha pili cha VVU kimekuja kama cha kwanza. Vipele vimeacha mabaka. Maumivu yamebaki: neva iliyoungua huendelea kupiga kelele hata moto ukizimika, na kwa watu wa umri wake hilo hutokea mara nyingi kuliko tunavyowaambia. Anatumia amitriptilini usiku, dawa ya kutuliza maumivu ya neva. Mkewe amekata kipande cha kanga kuukuu, laini, akakishonea ndani ya shati upande wa kushoto.

"Sasa huyo mdudu katoka?" akaniuliza.

"Hajatoka, Fundi. Hatoki. Kalala tena."

"Na mjukuu?"

"Naye anacho sasa."

Akakaa kimya, akilipapasa lile shati. Kisha akauliza kama vidonge vya usiku vipo dirishani au akanunue nje. Nikamwandikia vya mwezi mmoja, na juu ya karatasi nikaandika jina la dawa kwa herufi kubwa.